Barrett, Schreyer, Maryland au Michigan State: kuchagua programu ya onazi na bweni lake

Vyuo vikuu vikubwa vya umma nchini Marekani vina makumi ya maelfu ya wanafunzi, na vingi vimetenga ndani yake chuo kidogo cha wanafunzi wenye ufaulu wa juu, ambao husoma semina zao wenyewe, huwa na washauri wao na mara nyingi hulala katika bweni lao. Hizo ndizo programu za onazi (kwa Kiingereza, honors). Barua ya mwaliko ikimfikia kijana aliyemaliza shule Mwanza au Kisumu, au mtoto wa familia ya Kikongo iliyohamia Arizona, nyumba nzima hufurahi, kisha simu hupita mkono kwa mkono watu wakitazama picha za vyumba. Ulinganisho huu unatazama zaidi jambo ambalo vijitabu vya matangazo hulitaja kwa mstari mmoja au miwili, nalo ni kazi itakayomkabili mwanafunzi katika mwaka wa tatu na wa nne. Bweni la onazi hukaliwa mwaka mmoja, pengine miwili, lakini katika nyingi ya programu hizi anayehitimu kwa jina la onazi ni yule aliyemaliza tasnifu, na asiyeimaliza huhitimu kama wenzake wengine wote, hata kama aliishi katika jengo zuri kuliko yote.

Nimelinganisha vyuo vikuu vinne: Arizona State yenye Barrett, Pennsylvania State (Penn State) yenye Schreyer, Maryland yenye Honors College na College Park Scholars, na Michigan State yenye Honors College pamoja na vyuo vya makazi vinavyojitegemea kimasomo. Zipo programu nyingine za kuheshimika, kama Plan II ya University of Texas iliyoanza mwaka 1935 na Clark ya University of Oregon iliyoanza mwaka 1960, lakini hizi nne zimepangwa kwa namna zinazotofautiana vya kutosha hivi kwamba anayezielewa hatababaika akikutana na ya tano.

Kinachozitofautisha hueleweka upesi zaidi ukijua kwamba zimezaliwa na mawazo mawili yaliyoanza mbalimbali. Wazo la kwanza ni la Frank Aydelotte, aliyesoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, akawa mkuu wa chuo cha Swarthmore mwaka 1921 na mwaka uliofuata akaanzisha programu ya onazi ambamo wanafunzi wachache husoma kwa semina na mwishoni hutahiniwa na wataalamu kutoka nje ya chuo, utaratibu ambao Swarthmore inaufuata mpaka leo. La pili ni la Alexander Meiklejohn, ambaye kati ya mwaka 1927 na 1932 aliendesha chuo cha majaribio katika University of Wisconsin, wanafunzi na walimu wao wakikaa pamoja katika bweni la Adams na kusoma Athens ya kale mwaka wa kwanza na Marekani mwaka wa pili. Jaribio la Meiklejohn lilidumu miaka mitano tu, ila wazo la kuishi na kusoma mahali pamoja halikufa. Programu za leo zimeyachanganya mawazo hayo, nyingine zikiegemea semina na tasnifu, nyingine zikiegemea makazi, na swali la kwanza la mwombaji ni kujua programu yake imeegemea wapi.

Barrett na Schreyer: tasnifu ya mtu mmoja

Barrett ilianzishwa mwaka 1988 na ikapewa jina lake la sasa mwaka 2000, baada ya Craig Barrett, aliyekuwa akiiongoza kampuni ya Intel, na mkewe Barbara kutoa dola milioni 10. Ni kubwa mno kwa chuo cha aina hii, kwani ina wanafunzi zaidi ya 7,000 katika kampasi nne za eneo la Phoenix, na makazi yake ya Tempe yaliyofunguliwa mwaka 2009 yana madarasa, ofisi za wahadhiri na bwalo la chakula ndani ya eneo moja, kiasi kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kutoka chumbani, akala, akahudhuria semina na kumwona mshauri bila kuvuka barabara.

Semina hiyo huitwa The Human Event, nayo huchukua mihula miwili. Inafaa itazamwe kwa karibu, kwa sababu ndipo wanafunzi wengi waliotoka shule zetu hupata mshtuko wa kwanza. Darasa ni dogo, watu wameketi wakitazamana, na mbele yao yapo maandishi waliyotakiwa kuyasoma usiku uliotangulia, pengine ya Uyunani, pengine ya India au China. Mhadhiri hatoi notisi za kunakili. Huuliza swali, hunyamaza, na mwanafunzi mmoja husema anachodhani, mwingine humpinga kwa kumwonyesha ukurasa, kisha mhadhiri huuliza swali la pili. Kushiriki mazungumzo hayo huhesabiwa katika alama, kwa hiyo mwanafunzi aliyezoea kwamba heshima darasani ni kusikiliza na kujibu anapoitwa, akikaa kimya wiki tatu za mwanzo kwa adabu tu, atakuta adabu hiyo imemgharimu. Anayejijua kuwa mzito wa kusema mbele za watu asiikimbie Barrett kwa sababu hiyo, ila ajizoeze kabla ya safari, na aende kumwona mhadhiri saa za ofisi katika wiki ya kwanza.

Baada ya mwaka wa kwanza, sehemu kubwa ya onazi ya Barrett hupatikana kwa mikataba. Mwanafunzi huchukua somo la kawaida katika fani yake, hukubaliana na mhadhiri wake afanye kazi ya ziada, kwa mfano uchambuzi wa takwimu au insha ndefu, na somo hilo likahesabiwa kuwa la onazi. Utaratibu huu unampa uhuru mkubwa mwenye fani yenye ratiba ngumu kama uhandisi au uuguzi, lakini unadai mtu anayeweza kubisha mlango wa mhadhiri asiyemjua na kujieleza. Hatimaye huja tasnifu au kazi ya ubunifu, yenye msimamizi na msomaji wa pili, ambayo mwanafunzi huitetea kwa mdomo. Kwa chuo chenye wanafunzi wa onazi wengi hivyo, msimamizi hatafutwi na ofisi. Unamtafuta wewe, na wanaochelewa kuanza kumtafuta mpaka mwaka wa nne hukuta wahadhiri wazuri wamekwisha kujaa.

Schreyer ni ndogo zaidi. Ilianza mwaka 1997 kwa mchango wa dola milioni 30 kutoka kwa William Schreyer, aliyewahi kuiongoza kampuni ya fedha ya Merrill Lynch, na mkewe Joan, nayo ikachukua nafasi ya University Scholars Program ya mwaka 1980. Wanafunzi wake wote ni kama 2,000, katika kampasi kuu yenye zaidi ya 40,000. Kila mmoja hupewa mshauri wa onazi ndani ya fani yake mwenyewe, mtu anayejua ni maabara ipi inapokea wanafunzi na ni mhadhiri yupi yuko likizo ya utafiti mwaka ujao. Kwangu hii ndiyo tofauti kubwa kati ya Schreyer na Barrett, na ni kubwa kuliko tofauti ya umaarufu wa majina yao. Tasnifu ni ya lazima, husomwa na msimamizi pamoja na mshauri huyo wa onazi, na mwanafunzi hutakiwa kulinda GPA, yaani wastani wa alama zake, isiyopungua 3.40 mpaka mwisho. Kwa anayesoma fizikia au uhandisi wa kemikali, kiwango hicho si cha mchezo, na muhula mmoja mbaya unaweza kumsumbua kwa mwaka mzima.

Kabla ya kuandika hata insha moja ya maombi, fanya jambo hili: soma tasnifu zilizokwisha kuandikwa. Penn State huziweka tasnifu za Schreyer kwenye maktaba yake ya mtandaoni ambako mtu yeyote anaweza kuzifungua, na Arizona State inayo hazina kama hiyo ya kazi za Barrett. Tafuta fani unayoitaka, fungua kazi tano au sita, tazama urefu wake, tazama kama zimefanyiwa maabara au maktaba, na utazame ni wahadhiri gani wanaojirudia kama wasimamizi. Saa mbili za kazi hiyo zitakufundisha mengi kuhusu maisha ya mwaka wa nne kuliko ziara yoyote ya video, na zitakupa pia jambo la kweli la kuandika katika insha.

Maryland: timu ya miaka minne au mada ya miaka miwili

Maryland imelichukua wazo la makazi kwa uzito zaidi na kuligawa vipande. Honors College yake si programu moja bali ni mkusanyiko wa programu, kila moja ikiwa na mada yake, kuanzia sayansi za uhai hadi usalama wa mitandao, na wanafunzi wa kila programu hupangwa kukaa karibu. Pembeni yake ipo College Park Scholars, iliyoanza mwaka 1994, ambayo ni ya miaka miwili tu. Mwanafunzi hujiunga na kundi la mada kama afya ya umma duniani au sanaa, huishi na kundi hilo katika mabweni yanayozunguka Cambridge Hall, husoma kozi chache za pamoja, na mwishoni mwa mwaka wa pili hufanya mradi au mafunzo kwa vitendo kisha hupata cheti kinachoonekana kwenye nakala yake ya matokeo. Hakuna tasnifu.

Waombaji wengi hupokea mwaliko wa Scholars kwa huzuni, wakidhani wamesukumwa daraja la pili. Sikubaliani nao. Kwa mwanafunzi wa uhandisi ambaye mwaka wa tatu na wa nne atakuwa amezama katika fani yake, programu inayompa marafiki, mshauri na mradi katika miaka miwili ya mwanzo kisha ikamwachia nafasi ya kufanya mengine inaweza kumfaa kuliko onazi ya miaka minne ambayo ataiacha katikati.

Kinyume chake kabisa ni Gemstone, iliyo ndani ya Honors College hiyohiyo na iliyoanza katikati ya miaka ya 1990 kwa wazo la William Destler. Hapa utafiti hufanywa na timu. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kutoka fani zozote, hupendekeza maswali ya utafiti na kuyapigia debe mbele ya wenzao. Maswali machache hubaki, na timu huundwa kuyazunguka. Kila timu hupewa mhadhiri mlezi pamoja na mkutubi wake, huandika pendekezo la utafiti, hutafuta fedha, hukusanya data, na katika mwaka wa nne huitetea tasnifu moja ya pamoja mbele ya jopo la wataalamu. Fikiria maana ya jambo hilo kwa maisha ya kila siku: watu kumi au zaidi, mmoja wa biolojia, mwingine wa uchumi, mwingine wa kompyuta, wakigombania saa ya kukutana ambayo haimkosi mtu, mwaka hadi mwaka, huku baadhi yao wakienda kusoma nje ya nchi muhula mmoja na wengine wakijitoa. Anayefurahia kazi ya kikundi atatoka na uzoefu ambao waajiri wa maabara na viwanda wanauelewa mara moja. Asiyevumilia kubeba kazi ya mwenzake aliyelegea asijidanganye kwamba miaka minne itambadilisha. Tasnifu za Gemstone nazo zimo katika hazina ya mtandaoni ya Maryland, na ukizisoma utaona majina yote ya timu kwenye ukurasa wa kwanza.

Michigan State: onazi bila tasnifu, na chuo ndani ya bweni

Michigan State ndiyo inayowachanganya waombaji zaidi, kwa kuwa imevitenganisha vitu ambavyo wengine wameviunganisha. Honors College yake ilianza mwaka 1956, nayo haidai tasnifu. Inadai mambo manane ya onazi katika kipindi chote cha shahada, ambayo yanaweza kuwa kozi za onazi, kozi za kawaida zilizoongezewa kazi kwa makubaliano na mhadhiri, au kozi za ngazi ya uzamili. Bweni la onazi lipo kwa anayelitaka. Baadhi ya wanaoingia kwa matokeo ya juu sana hualikwa kuwa wasaidizi wa wahadhiri tangu mwaka wa kwanza, wakifanya utafiti kwa malipo kwa saa nane hadi kumi kwa wiki kwa muda wa miaka miwili. Kwa mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo ya F-1, ambaye haruhusiwi kufanya kazi nje ya kampasi katika mwaka wake wa kwanza na ndani ya kampasi hawezi kuzidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, nafasi hiyo ni dhahabu, kwani kazi anayoruhusiwa kisheria na utafiti anaouhitaji kwa masomo ya uzamili vinakuwa kitu kimoja.

Makazi, kwa upande mwingine, yako katika vyuo vya makazi ambavyo si lazima uwe mwanafunzi wa onazi ili uingie. James Madison, ya siasa na mambo ya umma, na Lyman Briggs, ya sayansi, zote zilianza mwaka 1967. Ya kwanza imo katika Case Hall na ya pili katika Holmes Hall, madarasa na ofisi za wahadhiri zikiwa chini ya paa lilelile la bweni. James Madison inadai lugha ya kigeni na mafunzo ya kazi nje ya darasa. Lyman Briggs humfundisha mwanasayansi pia historia na falsafa ya sayansi, jambo ambalo wengine hulilalamikia mwaka wa kwanza. Mtu anaweza kuwa Lyman Briggs na Honors College kwa wakati mmoja, na nadhani hapo ndipo Michigan State inapong'aa, maana unapata ujirani wa Meiklejohn bila kulazimishwa tasnifu ya Aydelotte. Niongeze kwamba chuo hiki kina kituo cha masomo ya Afrika cha tangu mwaka 1960 na kinafundisha Kiswahili, kwa hiyo mgeni hatakosa watu wanaojua Mwanza iko upande gani wa ziwa.

Maombi, na kalenda isiyolingana na yetu

Maryland ndiyo nyepesi kuomba: hakuna fomu ya pili, kwani aliyewasilisha maombi ya chuo kufikia tarehe 1 Novemba huangaliwa moja kwa moja kwa ajili ya Honors College na Scholars, kisha hualikwa na kupanga programu anazozipendelea. Barrett na Schreyer zina maombi yao yenye insha, nje ya maombi ya chuo kikuu chenyewe. Michigan State inampokea pia mwanafunzi aliyekwisha kuanza masomo na kupata GPA ya juu, na Schreyer vilevile hupokea wanaojitokeza baada ya kuanza chuo, kwa hiyo aliyekataliwa akiwa bado nyumbani hajafungiwa mlango.

Tatizo letu ni kalenda. Mtahiniwa wa KCSE nchini Kenya yuko katikati ya mitihani mwezi Novemba, siku ambazo maombi ya mapema yanafungwa, na matokeo hutoka mihula ya masika ikiwa imekaribia kuanza huko. Mhitimu wa kidato cha sita Tanzania hupata matokeo mwezi Julai, akiwa huenda bado yumo kambini JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), na maombi anayoyawahi ni ya kuanza Agosti ya mwaka unaofuata. Kwa wengi, basi, mwaka mmoja katikati hauepukiki, na ni afadhali upangwe mapema: barua za walimu ziombwe kabla ya kuondoka shuleni, mitihani ya SAT (ya kuombea vyuo vya Marekani) au ya Kiingereza ifanywe katika miezi ya kusubiri, na ushauri wa bure utafutwe katika ofisi za EducationUSA zilizopo Nairobi na Dar es Salaam.

Kuhusu barua hizo, mwalimu wako mwema anaweza kukuponza bila kukusudia. Barua zetu za shule huandikwa kwa lugha ya cheti cha tabia: ana nidhamu, ni mchapakazi, alikuwa kiranja. Wasomaji wa onazi wanatafuta jambo moja lililoonekana kwa macho, kama swali uliloliuliza darasa la kemia likasumbua kipindi kizima, au jaribio uliloamua kulirudia mwenyewe kwa sababu hukuyaamini matokeo ya kwanza. Mwendee mwalimu kwa heshima, umkumbushe tukio kama hilo, naye ataandika vizuri. Insha yako ifuate njia hiyohiyo. Waombaji wetu wengi huandika kuhusu umaskini na umbali wa shule, mambo ambayo ni ya kweli na yana nafasi yake katika maombi ya chuo, lakini insha ya onazi inauliza unafikirije, na atakayeeleza kwa kina kitu anachotaka kukijua atasomwa kwa makini zaidi.

Fedha

Hapa nitasema bila kuzunguka. Kwa mwanafunzi asiye mkazi wa jimbo husika, gharama za mwaka mmoja katika vyuo vyote hivi vinne, ukijumlisha ada, chumba, chakula na bima, huzidi dola 50,000, na onazi haifuti deni hilo. Schreyer humpa anayeingia mwaka wa kwanza ufadhili ambao katika miaka ya karibuni umekuwa dola 5,000 kwa mwaka. Ni mwingi kuliko wanavyotoa wengi, na bado ni sehemu ya kumi tu ya gharama. Barrett, badala ya kutoa, hutoza ada yake ya ziada kila muhula. Vyuo vya umma huwapa wageni msaada mdogo sana kwa kigezo cha uhitaji, kwa hiyo kijana ambaye familia yake haina uwezo huo, na hajapata ufadhili kamili wa sifa, afadhali aelekeze nguvu zake kwenye vyuo binafsi vinavyomtazama mgeni bila kuuliza uwezo wake na kisha kukidhi uhitaji wote, kama Amherst, Princeton au Yale. Ushindani wa huko ni mkali mno, lakini mwaliko wa onazi usiolipika haumfikishi mtu popote, kwani hata hati ya I-20 ya kuombea viza haitolewi bila ushahidi wa fedha za mwaka wa kwanza.

Lipo pia jambo la kodi ambalo familia chache hulijua mapema. Ufadhili unaolipia ada na vitabu hautozwi kodi, ila sehemu inayolipia chumba na chakula huhesabiwa kuwa kipato, na kwa mwenye viza ya F-1 chuo kwa kawaida hukata asilimia 14 ya sehemu hiyo. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi na Marekani wa kumwondolea mtu makato hayo. Kwa kuwa programu za makazi humlazimisha mwanafunzi kukaa katika bweni fulani na kununua mpango wa chakula, makato hayo hayakwepeki kwa kuhamia chumba cha bei nafuu mtaani.

Hesabu hii hubadilika kabisa kwa familia zilizokwisha kuhamia Marekani. Mwenye uraia au ukaazi wa kudumu, na kwa kawaida aliyepokewa kama mkimbizi, hujaza FAFSA, ambayo ni fomu ya kuombea msaada wa masomo, na kupata msaada wa serikali, na akitimiza masharti ya ukazi hulipa ada ya wakazi wa jimbo. Kwa mtoto wa nyumba ya Waswahili huko Phoenix ambaye wazazi wake wanafanya kazi za zamu, Barrett inaweza kuwa chaguo la kwanza, na lipo hata la kuanzia chuo cha jamii cha karibu kwa gharama ndogo kisha kuhamia Arizona State na kuomba Barrett ya ngazi ya juu, ambako sharti la bweni la mwaka wa kwanza halimhusu.

Kukaa humo

Barrett na Schreyer huwataka wa mwaka wa kwanza wakae katika mabweni ya onazi. Ya Schreyer ni Atherton na Simmons. Atherton iko ukingoni mwa kampasi, mkabala na mji, mbali na East Halls wanakoishi wengi wa mwaka wa kwanza. Ujirani huo una faida inayoonekana usiku wa kuamkia mtihani, pale jirani wa mlango wa pili anapokuwa anasoma somo lilelile. Una hasara pia. Wanafunzi wa bweni la onazi hufanana sana kwa walikotoka, na mgeni kutoka Afrika Mashariki anaweza kumaliza muhula mzima bila kukutana na Mkenya mwenzake anayekaa upande wa pili wa kampasi, asipokwenda mwenyewe kwenye chama cha wanafunzi wa Kiafrika.

Wazazi, hasa wa pwani na visiwani, huuliza mambo mawili ambayo vijana huona aibu kuyauliza, na wana haki ya kuyauliza. La kwanza ni mchanganyiko: mabweni mengi huchanganya wavulana na wasichana katika jengo moja, mara nyingi hata katika ghorofa moja, na bafu si za aina moja kila mahali. Andika kwa ofisi ya makazi uulize kama ipo ghorofa ya wasichana watupu ndani ya bweni la onazi, au kama sharti la kukaa humo linaweza kuondolewa kwa sababu ya dini. La pili ni chakula: uliza bwalo la bweni hilo hasa lina chakula halali siku zote au siku maalumu, na Ramadhani daku hupatikanaje.

Swali la tatu huwa haliulizwi na mtu mpaka Desemba. Mabweni mengi hufungwa kati ya mihula, Wamarekani wakaenda kwao, na mwanafunzi ambaye nauli ya kwao haipo akabaki akitafuta pa kulala katika baridi. Mkataba wa chumba huandika tarehe za kufungwa, kwa hiyo usome kabla ya kutia sahihi, na uulize kama bweni la onazi ni miongoni mwa yanayobaki wazi na kwa malipo gani.

Jibu la mwisho la kukubali nafasi hutakiwa kwa kawaida kufikia tarehe 1 Mei. Kabla ya siku hiyo, iandikie kila programu iliyokualika barua pepe fupi yenye maswali matatu: katika wanaoingia mwaka wa kwanza ni wangapi kwa mia wanaohitimu wakiwa wamekamilisha masharti yote ya onazi, wanafunzi wa fani yako walisimamiwa na akina nani katika miaka miwili iliyopita, na mtu akijitoa baada ya mwaka wa pili, ufadhili wake na kozi alizokwisha kuzifanya vinakuwaje. Programu itakayokujibu kwa takwimu na majina ya wahadhiri, hata kama takwimu zenyewe hazipendezi, uiweke juu ya ile itakayokutumia tena kiungo cha picha za vyumba.